Kidani cha Kimasai: shanga za kioo, za plastiki, au mbegu na maganda ya mayai ya mbuni?

Mleta mada (Dodoma)
Ndugu wanajamii, natafuta kidani cha kumvisha mdogo wangu siku ya harusi yake, nami ningependa kiwe kitu atakachomrithisha binti yake. Nimeonyeshwa vya aina tatu: cha shanga za kioo, ambacho ndicho ghali kuliko vyote, cha plastiki, kinachofanana nacho kwa rangi, na cha mbegu zilizochanganywa na maganda ya mayai ya mbuni. Moyo wangu unaelekea kwa hicho cha tatu, kwa kuwa kioo huagizwa kutoka Ulaya na naona vigumu kukiita urithi wetu.

Mtunga Shanga (Kajiado)
Dada, chagua kioo. Ni kweli kwamba shanga nzuri hutoka Jamhuri ya Cheki, hasa eneo la Jablonec, lakini bibi zetu wamekuwa wakitunga shanga za kioo tangu zilipopanda bara na misafara ya pwani katika karne ya 19, na mpangilio wa rangi ni wao wenyewe, haukuletwa na mfanyabiashara yeyote. Nyekundu ni damu na ushujaa, nyeupe ni maziwa, buluu ni mbingu iletayo mvua, na kijani ni majani yanayolisha ng'ombe. Katika kidani bapa cha mviringo, shanga hupangwa kwenye waya safu baada ya safu, na safu hizo hushikiliwa na vipande vyembamba vya ngozi, au siku hizi vya plastiki ya madumu, vilivyotobolewa kwa nafasi zilizo sawa. Shanga za kioo zilizochambuliwa vyema zina ukubwa mmoja, kwa hiyo duara halipindi, ilhali za plastiki huacha mianya na rangi yake hupauka juani. Ukitaka kuzitofautisha, zipime kiganjani, kisha ziguse shavuni: kioo ni kizito na cha baridi.

Jirani wa Eyasi (Karatu)
Kuhusu plastiki nakubali kabisa, ila maganda yasiwekwe kando kwa haraka hivyo. Katika pango la Enkapune ya Muto, kwenye Bonde la Ufa nchini Kenya, wanaakiolojia walipata shanga za maganda ya mayai ya mbuni zenye umri wa takriban miaka 40,000, na hakuna kioo kinachoweza kudai ukongwe huo. Kila kipande hutobolewa, kisha husuguliwa juu ya jiwe mpaka kiwe duara, kazi inayostahili bei yake. Uliza tu kama mayai ni ya mbuni wa kufugwa.

Mama Wawili (Arusha)
Mbegu nyekundu zenye doa jeusi zina sumu kali, hasa zikishatobolewa na mtoto akazitafuna. Mimi siziingizi nyumbani.

Mleta mada
Ahsanteni sana. Mbegu nimeziacha. Je, kioo na maganda vinaweza kukaa pamoja?

Mtunga Shanga (Kajiado)
Vinaweza, lakini si ndani ya duara lenyewe, kwa sababu unene wake haulingani na shanga zitasukumana. Mwombe mama anayetunga aweke maganda kwenye nyuzi zinazoning'inia kifuani, na umweleze hivyo unapotoa malipo ya awali, kabla hajakata waya. Baada ya harusi kihifadhiwe pakavu, kikiwa kimelazwa, maana waya ukishika kutu hukatika.