Imani haijazimika, ila moyo umechoka: naombeni ushauri

Mleta mada

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Ni miezi 14 sasa tangu nilipoachishwa kazi, na katika muda huohuo nimemzika mama yangu. Nimeomba, nimefunga, nimekesha. Sijamwacha Mungu wala sina nia ya kumwacha, lakini siku hizi nikipiga magoti maneno hunikaukia mdomoni, na nikifungua Biblia nasoma sura nzima bila hata mstari mmoja kuniingia. Kinachoniumiza zaidi ni kwamba katika kikundi chetu cha maombi huambiwa kuwa Mkristo wa kweli havunjiki moyo, hivyo narudi nyumbani na mizigo miwili: ule niliokwenda nao, na hatia ya kuubeba.

Je, kuvunjika moyo ni dhambi? Na mtu ambaye hawezi tena kuomba aanzie wapi? Tafadhali msinitajie mistari tu mkaniacha nayo, nielezeni ilivyowasaidia.

Mzee wa Kanisa

Ndugu yangu, pole sana kwa msiba na kwa yote yaliyokupata. Waliokuambia hivyo huenda walikusudia mema, lakini naona wamekosea, na Maandiko yenyewe yanawapinga. Soma 1 Wafalme 19 polepole. Eliya alikuwa ametoka kuona moto ukishuka mlimani Karmeli, na muda mfupi baadaye akaketi chini ya mretemu jangwani akiomba afe. Hebu angalia Mungu alivyomtendea. Hakumkemea, wala hakumuuliza imani yake imekwenda wapi. Alimwacha alale, akamtuma malaika amwamshe ale mkate na kunywa maji, akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili kwa kuwa safari iliyokuwa mbele yake ilikuwa kubwa mno kwake. Mazungumzo yalikuja baadaye sana, baada ya mwendo wa siku 40 hadi mlima Horebu, na hata huko Bwana hakuwamo katika upepo, wala tetemeko, wala moto, bali ikaja sauti ndogo, ya utulivu.

Nilipofiwa na mke wangu, sura hiyo ndiyo iliyonifundisha kwamba kula na kulala kwa wakati kunaweza kuwa utii. Kwa majuma kadhaa sala yangu ilikuwa sentensi moja ya yule baba aliyemletea Yesu mwanawe mwenye pepo, katika Marko 9:24: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Sikuwa na nyingine, na sidhani kwamba Mungu alinidai nyingine.

Mwimba Zaburi

Mimi nakushauri uazime maneno. Karibu theluthi moja ya zaburi zote 150 ni maombolezo, maana yake ni kwamba watu wa Mungu walipewa malalamiko ya kuimba ibadani, tena kwa sauti. Anza na ya 13, inayouliza "hata lini?" mara nne katika mistari miwili ya kwanza. Ukiwa na siku mbaya zaidi, soma ya 88, ambayo inaishia gizani bila neno lolote la ushindi, na bado imo katika Biblia. Mimi husoma zaburi moja tu kwa siku, kwa sauti, nikisimama, na sijilazimishi kuhisi chochote.

Tumaini Jipya

Nakubaliana na wazee walionitangulia, ila nina hofu moja. Ushauri wa kupumzika na kusoma unaweza kumfungia mtu chumbani mwake. Paulo, aliyeandika katika 2 Wakorintho 1:8 kwamba walikata tamaa hata ya kuishi, anasema katika sura ya 7 kwamba Mungu aliwafariji kwa kuja kwake Tito, mtenda kazi mwenzake. Faraja ilikuja kwa miguu ya mtu! Bwana wetu mwenyewe kule Gethsemane aliwaomba rafiki zake wakae wakeshe pamoja naye. Kwa hiyo tafuta mtu mmoja, si kikundi kizima, umwambie ukweli wote.

Muuguzi

Kwa ufupi: kama hulali, huli, au unafikiria kujidhuru, muone daktari leo na usikae peke yako. Kutibiwa si kupungukiwa na imani.

Mleta mada

Asanteni sana, nimesoma kila neno. Dada Muuguzi, sina mawazo ya kujidhuru, ila ni kweli silali vizuri, nami nitakwenda kupimwa. Jana usiku nilisoma Zaburi ya 88 kwa sauti, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilifika mwisho nikijua nilichosoma, kwa sababu kilikuwa changu. Leo nimempigia simu mzee mmoja niliyewahi kuimba naye kwaya. Nilidhani angenihubiria, lakini aliponisikiliza hadi mwisho aliniuliza tu kama nimekula, kisha akasema atakuja Jumamosi.