Timu ya wanawake ya kikapu ya Marekani: wasichana wa shule waige nini, waache nini?

Mwalimu_Ilemela

Habari za jioni wanajukwaa. Nawaomba wanaofuatilia mpira wa kikapu wa wanawake. Nina wasichana 10 wa sekondari wanaojiandaa na UMISSETA (mashindano ya shule za sekondari) ngazi ya mkoa. Wawili tu ndio wamevuka sentimita 170, na timu tutakayokutana nayo ina masenta (wachezaji wa chini ya ringi) wawili warefu. Nimewaonyesha fainali ya Olimpiki ya Paris 2024, Marekani 67 Ufaransa 66, na tangu siku hiyo kila mtu anataka kutupia pointi tatu tu. Naona wamechukua somo lisilo lenyewe, ila lenyewe ni lipi?

Marekani wanawezaje kutofungwa Olimpiki miaka yote hiyo, na Ufaransa walifanya nini hadi wakabaki nyuma kwa pointi moja? Na katika hayo, lipi linafundishika kwa wiki sita kwenye uwanja wa sementi, mipira minne na jua letu hili la Mwanza?

RibaundiKwanza

Mwalimu, usianze na nyota, anza na benchi, yaani wachezaji wa akiba.

Mara ya mwisho Marekani kufungwa Olimpiki ilikuwa nusu fainali ya Barcelona 1992. Timu ya Muungano, yaani wachezaji wa uliokuwa Muungano wa Kisovieti, iliwapiga 79 kwa 73, wakaambulia shaba. Mwaka 1994 kwenye mashindano ya dunia Brazil wakawafunga 110 kwa 107. Hapo wakabadilisha utaratibu. Badala ya kukusanya wachezaji wiki chache kabla ya mashindano, waliweka timu pamoja msimu mzima wa 1995 hadi 1996, ikacheza mechi 52 bila kufungwa hata moja, kisha ikachukua dhahabu Atlanta kwa kuipiga Brazil hiyohiyo 111 kwa 87. Mwaka uliofuata WNBA, ligi yao ya kulipwa ya wanawake, ikaanza. Kuanzia Atlanta hadi Paris ni dhahabu 8 mfululizo na mechi 61 za Olimpiki bila kufungwa. Kwenye Kombe la Dunia aliyewatia doa mara ya mwisho ni Urusi, nusu fainali ya 2006, 75 kwa 68.

Mzizi wake ni wa zamani kuliko ligi. Sheria yao ya 1972 ilizizuia shule na vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu kuwabagua wasichana, michezo ikiwemo. Kwa hiyo vyuo vingi vina timu ya wanawake yenye kocha wa kulipwa, na akina A'ja Wilson wamepita huko kabla hata hawajaitwa timu ya taifa. Ukitaka kujua kina cha kisima hicho, angalia Julai 2024, wiki moja tu kabla ya Paris: timu ya Olimpiki ilicheza na nyota wengine wa ligi yao wenyewe ikafungwa 117 kwa 109. Yaani waliobaki nyumbani waliwafunga waliochaguliwa!

Uwanjani matokeo yake ni kwamba ikiingia tano ya pili, kasi haishuki. Mpinzani anajitahidi robo mbili, ya tatu miguu inaisha. Paris ilikuwa Japan 102 kwa 76, Ubelgiji 87 kwa 74, Ujerumani 87 kwa 68, Nigeria 88 kwa 74, Australia 85 kwa 64.

Ufaransa walikataa kukimbizana nao. Walijaza watu eneo la chini ya ringi, wakawalazimisha Marekani kutupia kwa mbali, na mapumziko ikawa 25 kwa 25. Mwanzo wa robo ya tatu Ufaransa wakaongoza kwa 10. Kumbuka kwamba sheria za WNBA zinamkataza mkabaji kukaa eneo la chini ya ringi zaidi ya sekunde 3 kama hamkabi mtu kwa karibu. Sheria za kimataifa hazina katazo hilo, linamhusu anayeshambulia peke yake. Ndiyo maana Marekani hubanwa zaidi kwenye mechi za mataifa kuliko wanavyobanwa kwao. UMISSETA mnacheza kwa sheria hizohizo za kimataifa, kwa hiyo zoni, yaani kila mkabaji kulinda eneo badala ya mtu, ni halali yenu.

Kilichowaokoa si pointi tatu. A'ja Wilson alimaliza na pointi 21, ribaundi 13 (mipira aliyoidaka baada ya mtupo kukosa) na bloku 4 (mitupo ya wapinzani aliyoizuia). Somo la wasichana wako liko kwenye hizo 13.

Ribaundi haihitaji urefu kama watu wanavyodhani, inahitaji kuwahi nafasi. Wafundishe hivi. Mpira ukitupwa, jicho la kwanza liende kwa mpinzani, si kwenye mpira. Mguse kwa mkono uliokunjwa ili ujue yuko wapi, kisha geuka umpe mgongo, miguu ipite upana wa mabega, magoti yakunjwe, makalio yakae kwenye mapaja yake. Hesabu moja, mbili, ndipo uruke. Akirukia mgongoni kwako, faulo ni yake.

Makosa utakayoyaona ni mawili. La kwanza, wanarudi nyuma mno mpaka wanasimama chini kabisa ya nyavu, mpira unagonga chuma na kuwapita juu. Waanzie kuzuia hatua mbili kubwa kutoka kwenye ringi. La pili, wanamshika mtu kwa mikono nyuma, na refa anaona. Mikono iwe juu, viwiko vimefunguka, vimetulia.

Zoezi: watatu kwa watatu, wewe tupia na ukose makusudi. Mpira ukidunda kwenye sementi kabla mshambuliaji hajaugusa, waliokaba wanapata pointi. Mkabaji haruhusiwi kuudaka kabla haujadunda. Siku mbili za kwanza watalalamika, ya tatu watazoea. Na waambie mpira uliotupwa kutoka pembeni ukikosa mara nyingi huangukia upande wa pili, basi mkabaji wa upande huo asilale.

Mama_Kikapu

Naongeza kuhusu wale masenta wawili. Usimweke binti nyuma ya senta mrefu akasubiri mpira ufike. Ukishafika umechelewa, kinachofuata ni faulo. Cheza zoni ya 2-3 (wawili mbele, watatu nyuma), yule wa katikati ya hao watatu asimame mbele ya senta, kati yake na mpira. Pasi itabidi ipite juu, na pasi ya juu huchelewa. Wa upande wa mbali ndiye anayeikimbilia. Hii inafanya kazi kama wawili wa mbele wanambana mwenye mpira. Mkimpa nafasi ya kuangalia na kupiga pasi kwa utulivu, zoni nzima imekufa.

Sikubaliani na wanaosema Marekani haigusiki. Nigeria kwenye robo fainali ile walikuwa timu ya kwanza ya Afrika, wanaume kwa wanawake, kufika hatua hiyo Olimpiki, na walifika kwa kukaba uwanja mzima. Waliwafunga Australia 75 kwa 62 na Canada 79 kwa 70. Mwalimu, hilo ndilo la kuonyesha wasichana. Kukaba huko, yaani presi, kunamsumbua mtu mrefu kuliko kitu chochote, maana senta hajui kupokea mpira akiwa anakimbia.

RibaundiKwanza

Mama, presi dakika 40 kwa wasichana 10, saa tisa mchana, kwenye sementi? Robo ya tatu watakuwa wanatembea. Nigeria walikuwa na wachezaji 12 wa timu ya taifa, tena ndani ya ukumbi.

Mama_Kikapu

Sikusema dakika 40, kaka. Wapige presi baada ya kufunga mtupo huru tu, kwa sababu hapo kila mtu ameshasimama kwenye nafasi yake na hakuna wa kukimbia kurudi. Mpinzani ana sekunde 5 za kuingiza mpira na sekunde 8 za kuvuka nusu. Mmoja aruke mbele ya anayeingiza, wawili wamfungie kona yule atakayepokea, wa nne akate pasi ya katikati, wa tano abaki nyuma. Wakivuka nusu, wote warudi kwenye zoni. Kosa kubwa ni wale wawili kunyoosha mikono kuupora mpira. Wasipore! Wafunge njia kwa miguu, mikono juu, wasubiri pasi mbovu. Wakipora watapigiwa faulo, na kuanzia faulo ya tano ya timu ndani ya robo moja, kila faulo ya kukaba ni mitupo huru miwili.

Badilisha wachezaji kila dakika 4, hata anayefanya vizuri. Hiyo ndiyo "benchi" ya Marekani kwa kipimo cha Ilemela.

Futi_Kamba

Wote mmeruka jambo moja, nalo ndilo lililoamua ile fainali: mstari.

Zikiwa zimebaki sekunde 3.8, Kahleah Copper wa Marekani alifunga mitupo huru miwili, ikawa 67 kwa 64. Ufaransa wakahitaji tatu. Gabby Williams (mzaliwa wa Marekani huyo, ila anachezea Ufaransa) akatupia, mpira ukagonga ubao ukaingia na muda ukaisha. Lakini mguu ulikuwa umekanyaga mstari. Mstari una upana wa sentimita 5 na wote ni mali ya eneo la pointi mbili. Ukiugusa tu, ni mbili. Asingeugusa, ilikuwa 67 kwa 67 na dakika 5 za nyongeza, nyumbani kwao.

Sasa, Mwalimu, chukua futi ukapime uwanja wenu. Mpaka 2010 mstari wa kimataifa ulikuwa mita 6.25, ukasogezwa hadi 6.75. Viwanja vya zamani vya sementi vilivyochorwa kabla ya hapo havijarekebishwa vyote. Mtoto akizoea 6.25, akienda kwenye mashindano atakuwa anatupia nusu mita ndani ya mstari, au atakanyaga bila kujua.

Upimaji: toka mstari wa nyuma, ukingo wa ndani, ingia uwanjani mita 1.575. Hapo ndipo katikati ya ringi panapoangukia. Hakikisha kwa kuning'iniza timazi ya fundi katikati ya ringi, kwa sababu nguzo nyingi zimeinama. Funga kamba hapo, mita 6.75 hadi ukingo wa nje wa mstari, zungusha chaki. Pembeni duara halikamilishwi: mstari unanyooka, sentimita 90 kutoka mstari wa pembeni, kwa hiyo kona ni mita 6.60. Usitumie kamba ya katani ikiwa imeloa, urefu wake hubadilika. Waya mwembamba ni bora.

Ukiwa na futi, pima na ringi: mita 3.05 kutoka chini. Iliyoning'iniwa na watoto hushuka mbele sentimita 5 au zaidi, na mtupo wa chini unaoingia hapo hauingii kwenye ringi iliyonyooka.

Na mipira yako minne ni saizi gani? Wasichana ni namba 6, gramu 510 hadi 550. Shule nyingi zina namba 7 tu, ambayo ni gramu 580 hadi 620. Msichana anayetupia namba 7 kwa mbali huanza kusukuma kutoka begani, kiwiko kinatoka nje, na mtindo huo hauondoki kirahisi. Kama huna namba 6, basi namba 7 ziwe za pasi na ribaundi tu.

Pointi tatu zifanyeni asubuhi. Mchana upepo wa ziwa unaingia nchi kavu, na kwenye uwanja wa wazi mpira wa juu unahama. Jioni upepo ukiwepo, fanyeni ribaundi na mitupo huru. Mitupo huru usiwape kumi mfululizo wakiwa wamepumzika. Wakimbie kwenda na kurudi mara mbili, wapige miwili, wakimbie tena. Copper hakupewa mitupo ya mazoezi kabla ya ile miwili.

Mwalimu_Ilemela

Nawashukuru sana. Nimepima jioni hii: 6.25, kama ulivyosema. Mipira mitatu ni namba 7, mmoja namba 6. Swali la mwisho kwa Futi_Kamba: tukiwa tunaongoza kwa tatu, zimebaki sekunde nne, tufanye faulo makusudi au tukabe?

Futi_Kamba

Kwa wasichana wa shule, kabeni. Faulo ya makusudi ikichelewa kidogo, refa anasema alikuwa ameshaanza kutupia, unampa mitatu. Tena ukimvuta mtu bila kucheza mpira unaweza kupigiwa faulo mbaya, wanapata mitupo miwili na mpira juu yake. Wakabaji wako wasimame nje ya mstari wa tatu, vidole vya miguu vikiutazama uwanja, njia ya kwenda ringini iwe wazi. Anayetaka kupita ndani apite, akifunga mbili bado mnaongoza kwa moja. Mikono juu, msiruke.

Mstari wa 6.25 usiufute bado. Chora wa 6.75 kwa rangi nyingine, halafu waambie ule wa ndani ni wa kupashia moto tu. Rangi ya mafuta inateleza ikiloa, tumia ya barabarani kama utaipata.