Mrejesho: Prado iliyokuwa ikigonga nyuma
Wakuu, asanteni. Niliuliza kwa nini Prado yangu ya 2003 inarusha abiria wa nyuma kwenye kila tuta, ilhali shokomzoba ni mpya. Upepo wa magurudumu tuliushusha hadi psi 32, afueni ikawa kidogo tu. Fundi mmoja wa Grogan, kule kwenye magereji ya Nairobi, akaingia chini na tochi: ile raba inayozuia ekseli isigonge chasisi imeng'aa, imepasuka, na kati yake na ekseli hakipiti hata kidole. Springi zilikuwa zimechoka, gari likawa linakalia raba! Tumebadilisha springi zote mbili pamoja na raba, na nyuma imeinuka. Matuta ya Donholm sasa napita watoto wamelala. Kumebaki kamlio upande wa kushoto, nashuku bushi, kile kiraba cha kwenye maungio.