Hilux ya petroli (22R) kuiwekea injini ya dizeli: naomba ushauri, nipo Kigoma

Mzigo_wa_Manyovu

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za kazi.

Nina Hilux ya mwaka 1991, kabini moja, fowili, chesisi inaanza na RN, injini 22R ya kabureta. Bodi nzima, fremu haina kutu, mbele ina springi kama nyuma. Ni gari ninayoipenda na sina mpango wa kuiuza.

Kazi yake ni kupanda Manyovu kuchukua maharage na ndizi na kushusha mjini, siku nyingine moja kwa moja hadi Kibirizi kwa watu wa maboti. Nikipanda napeleka dagaa na chumvi ya Uvinza. Kutoka Mwandiga hadi Manyovu ni kama kilomita 60, lami tupu, lakini milima mnaijua. Nikiwa na mzigo inakula lita moja kwa kilomita sita, na pale inapopanda kwa gia ya pili muda mrefu inashuka hadi tano. Faida ya gunia inaishia kwenye tenki.

Sasa nimepata watu wawili. Mmoja ana 3L, injini ya dizeli ya Toyota, iliyotoka kwenye Hiace iliyopinduka. Anauza injini tupu, na anasema gia boksi yangu ya sasa itakubali "kwa kuchonga kidogo". Wa pili ana 2L-T yenye tabo, anasema hiyo ndiyo itapanda Manyovu bila kushusha gia. Fundi wa mtaani kwetu ameiangalia gari na kusema kazi inaisha wikiendi moja.

Nichukue ipi? Gia boksi itakubali kweli? Na je, kuna aliyefanya akaona mafuta yamepungua, au ni maneno ya vijiweni?

Kijana_wa_Ujiji

Mkuu, kabla ya yote hiyo 22R ipo kwenye hali gani? Kilomita sita kwa lita kwenye mlima na mzigo siyo ajabu, lakini tano kuna kitu. Safisha kabureta, angalia kama choki inafunguka yote, pima taiming, toa plagi uone rangi. Plagi ikiwa nyeusi ya masizi, unamwaga petroli barabarani.

Na usikilize mbele ya injini asubuhi ikiwa baridi. 22R inatumia cheni, na vile vipande vya plastiki vinavyoiongoza vikivunjika cheni inalegea, inakwaruza kava la mbele hadi maji yanaingia kwenye oili. Ukishika mapema ni kazi ndogo. Ovaholi ya 22R haifiki hata nusu ya unachotaka kufanya.

Fundi_wa_Gungu

Kijana wangu wa Manyovu, marahaba. Umefanya vema kuuliza kabla ya kutoa hela. Na huyo wa Ujiji amekushauri vizuri, anza na alichosema.

Ukishaangalia hayo na bado unataka dizeli, sikia neno langu, maana mengine yote yanategemea hapo: usinunue injini, nunua gari. Tafuta Hilux ya dizeli iliyokufa, chesisi inayoanza na LN, iliyobondeka bodi au iliyooza fremu. Ichukue nzima, na asiguse mtu hata nati moja kabla haijafika uani kwako. Nimetengeneza magari mkoa huu tangu barabara ya Kasulu ni vumbi, na Hilux zilizobadilishwa zikadumu ni zile ambazo mwenyewe alikuwa na gari la pili pembeni la kuchomolea vitu. Zile za injini tupu nyingi zimelala nyuma ya gereji hadi leo.

Sababu ni hii. Gia boksi ya 22R haikai kwenye bloku ya 3L, matundu ya boliti hayaonani. Huyo anayesema kuchonga kidogo ana maana ya kutengeneza bamba la kuunganisha. Bamba hilo likikosea kitovu cha krenki kwa sehemu ya milimita tu, shafti ya gia boksi inazunguka inayumba. Utakula klachi, utakula beringi, na hutajua kwa nini. Hilux ya dizeli ilitoka kiwandani na gia boksi yake, flaiwili yake, klachi yake na propela za urefu wake. Vishikio vya injini kwenye fremu navyo havikai sehemu moja kati ya RN na LN. Ukiwa na LN uani unapima, unakata, unahamishia kwako. Usipokuwa nayo unakisia.

3L ya Hiace kwa ndani ni nzuri, ni 3L ile ile. Lakini Hiace injini ipo chini ya viti na sampo yake, lile beseni la oili chini ya injini, haikuumbwa kukwepa difu ya mbele. Kwenye fowili yako itagonga. Lazima upate sampo ya Hilux pamoja na lile bomba la chujio linalonyonya oili kutoka chini, maana ukibadili sampo ukaacha bomba la zamani, injini inaweza kunyonya hewa kwenye mlima. Ukishafika hapo unatafuta vitu vya Hilux kimoja kimoja, na kila kimoja kina bei yake na nauli yake kutoka maduka ya spea ya Gerezani, Dar es Salaam.

2L-T siitaki kwenye gari lako. Ni lita 2.4, tabo inaisukuma kufanya kazi ya injini kubwa, na joto lote linaishia kwenye hedi. Hedi zake hupasuka, hilo halibishaniwi na fundi yeyote wa dizeli. Kwenye tambarare ya kutoka Uvinza kwenda Tabora labda ungeishi nayo. Kwa kupanda na mzigo juani, hapana. Chukua 3L ya lita 2.8, au 5L ya lita 3.0 ukibahatika. Hazina tabo, pampu ni ya mekanika bila kompyuta, na kwa kuwa Hiace nyingi nchini zinatumia hizo, hedi, gasketi na nozeli zipo.

Usitegemee mbio, lakini. 3L inatoa kama nguvu za farasi 90, na 22R nzima ipo hapo hapo. Unachopata ni mvuto wa chini: kwenye mizunguko kama 2,400 kwa dakika imeshatoa mvuto wake wote, kwa hiyo haihitaji kulia ili ipande. Atakayekwambia utaacha kushusha gia pale milimani anakuuzia kitu.

Hesabu ya mafuta ni nyepesi. Mwandiga–Manyovu kwenda na kurudi ni kilomita 120. Kwa sita kwa lita, unachoma lita 20. 3L yenye afya kwa kazi hiyo nategemea ikupe tisa au kumi, yaani lita 12 au 13. Umeokoa lita saba, nane. Chukua bei kikomo ya EWURA ya mwezi huu, ya Kigoma, usichukue ya Dar es Salaam maana ya kwetu iko juu, zidisha na lita ulizookoa na safari zako za mwezi, halafu kwa jibu hilo gawa gharama yote ya kazi: gari la LN, taiming mpya, rejeta, betri, uchomeleaji, ufundi. Ikikupa zaidi ya miaka miwili, tengeneza 22R yako uendelee na kazi.

Sasa breki. Hapa naomba usome polepole, maana ndipo ninapowaogopea vijana wengi. Injini ya petroli ina kipepeo kwenye kabureta, na kile kipepeo kikifunga kinaleta mvuto wa hewa ambao ndio unaosaidia breki zako kupitia busta. Dizeli haina kipepeo hicho, kwa hiyo haina mvuto huo. Toyota waliweka pampu ndogo ya vakyumu nyuma ya alterneta. Alterneta ya 3L ina mkia: bomba moja la oili kuingia, moja la kurudi, moja la vakyumu kwenda kwenye busta. Watu hununua injini, alterneta imeshauzwa, wanafunga alterneta yoyote inayochaji. Gari linawaka, linatembea, linazungushwa mtaani, kila mtu anafurahi. Siku anashuka kutoka Manyovu na magunia, pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Breki ipo, lakini inataka nguvu ya miguu miwili, na pale hakuna nafasi ya kujaribu. Alterneta yenye mkia, mabomba yote matatu, na bomba la kurudisha oili lisibanwe popote. Kama hakipo hicho, gari lisitoke uani.

Tenki: lishushwe, lioshwe, likauke. Pampu ya dizeli inalainishwa na dizeli yenyewe, petroli ikibaki inaosha ule ulaini na vyuma vinasagana. Weka chujio lenye kikombe cha maji chini na pampu ya mkono juu, hasa wewe unayeshinda Kibirizi ambako dizeli huuzwa kwenye madumu. Bomba la kurudisha mafuta kutoka kwenye nozeli na pampu nalo lazima lifike kwenye tenki.

Umeme siyo mwingi. Hita plagi, zile zinazopasha silinda moto kabla ya kuwasha, na rilei yake, na waya mmoja wa swichi kwenda kwenye solenoidi ya pampu, ndio unaozima injini ukigeuza ufunguo. Soma volti zilizoandikwa kwenye stata na kwenye hita plagi kabla ya kuunganisha, maana injini za dizeli hazikutoka zote na volti 12. Betri weka N70. Mshale wa mizunguko utakufa, maana kwako unasoma kutoka kwenye koili ya petroli.

Difu za mbele na nyuma lazima ziwe na uwiano mmoja. Ukihamisha za LN, hamisha zote mbili. Ukichanganya, siku utakapoingiza fowili utavunja.

Na kazi hii haiishi wikiendi moja.

Mzigo_wa_Manyovu

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma mara mbili na kesho nasoma tena nikiwa chini ya gari. Wa 2L-T nimeshamwambia hapana.

Nimeulizia leo, kuna LN106 ipo Kasulu, ilipata ajali ikabondeka kabini, injini 3L, inawaka. Mwenyewe anauza nzima na kadi anayo. Nikienda kuiangalia nianze na nini? Na kuna jamaa mwingine ana injini imevushwa kutoka ng'ambo, bei iko chini sana, lakini hana karatasi.

Mama_Kasulu_Duka

Kaka, mimi siyo fundi, ila nina pikapu iliyobadilishwa kutoka petroli kwenda dizeli, kwa hiyo nikwambie upande wa karatasi. Ya ng'ambo iache. Kadi ya gari lako ina namba ya injini, ujazo na aina ya mafuta. Ukibadili injini, vyote vitatu vinakuwa uongo. Askari akifungua boneti akakuta namba nyingine na huna risiti, utaeleza nini? Andikishaneni mauziano na huyo wa LN mbele ya mashahidi, chukua nakala ya kadi yake, nenda TRA warekebishe kadi yako, kisha wajulishe na bima. Mimi nilifanya hivyo kabla ya kulitoa gari gereji na nimesimamishwa mara nyingi bila shida.

Jambo la pili, andika DIZELI kwa rangi nyekundu kwenye kifuniko cha tenki. Kuna kituo cha mafuta wamezoea gari langu tangu likiwa la petroli, na kijana wa pampu alikuwa ameshachomeka bomba la petroli nilipomwona. Hata ukimtuma dereva, awe anasema kwa mdomo pia.

Fundi_wa_Gungu

Mama Kasulu ahsante sana, hilo la kifuniko nalichukua.

Kijana, LN106 ndiyo hasa. Nenda na mtu mmoja anayejua kusikiliza. Kabla haijawaka fungua rejeta uone maji, yasiwe na mafuta juu, na chomoa kijiti cha oili, isiwe na rangi ya maziwa. Washa. Ikiwaka kwa shida na kutoa moshi mweupe muda mrefu, hita plagi zimekufa au kompresheni imeshuka. Acha ipate moto, fungua kifuniko cha oili: mvuke kidogo ni kawaida, ikipumua kwa kusukuma kifuniko pistoni zimechoka. Angalia tena rejeta, mapovu yanayopanda mfululizo ni hedi au gasketi. Moshi wa bluu ni oili inaungua, mweusi ukikanyaga ni nozeli au pampu, na huo unatengenezeka.

Ukipata geji ya dizeli, pima kupitia matundu ya hita plagi. Chini ya bar 20 kwenye silinda yoyote, au silinda zikipishana zaidi ya bar 5, punguza bei kwa gharama ya ovaholi nzima au ondoka.

Mkanda wa taiming usiuamini hata akikuonyesha risiti. Toyota waliupangia kilomita 100,000, na ukikatika vali zinagongana na pistoni. Funga mpya na rola zake wakati injini iko nje, ni rahisi zaidi kufikia. Gasketi ya sampo na sili ya nyuma ya krenki fanya siku hiyo hiyo.

Na mpigie mwenye gari leo, mwambie asiiwashe asubuhi ya siku unayokwenda. Ukifika weka mkono kwenye bloku kabla ya salamu za pili. Ukikuta ina moto, kaa mjini Kasulu hadi jioni, urudi imepoa ndipo uisikilize.