Mrejesho: uzito wa vipimo vya usalama wa taarifa katika chama chetu cha akiba, Mwanza

Ndugu zangu, niliwauliza namna ya kuchagua vipimo vya usalama wa taarifa (takwimu za kuonyesha kama taarifa zetu ziko salama) na kuvipa uzito, yaani kiasi ambacho kila kimoja kinahesabika, kwa chama chetu cha akiba na mikopo, ambacho wanachama wake wengi ni wafanyabiashara wa dagaa na samaki wa Mwaloni, Kirumba. Tulikuwa na vipimo 18, vyote vikihesabiwa sawa, hata idadi ya barua pepe taka zilizozuiwa, ambayo haikutuongoza kufanya uamuzi wowote.

Nilianza na ISO/IEC 27004 ya mwaka 2016, mwongozo wa kimataifa wa kupima usalama wa taarifa, kama mlivyoshauri, kisha nikamuuliza meneja swali moja kwa kila kipimo: kikibadilika, tutafanya nini tofauti? Vilibaki 5. Uzito tuliupata kwa njia ya mtaalamu Thomas Saaty ya kulinganisha vipimo viwili viwili kwa mizani ya 1 (vina umuhimu sawa) hadi 9 (kimoja ni muhimu zaidi kabisa). Majibu ya kwanza yalipingana yenyewe kwa yenyewe, yakavuka 0.10, kikomo cha kupingana ambacho njia hiyo inakiruhusu; ikatubidi kukaa upya pamoja na mhasibu, ambaye ndiye aliyetuonyesha kwamba nakala rudufu (nakala ya akiba ya data) isiyowahi kujaribiwa kurejeshwa haistahili kuhesabiwa kuwa ipo. Kwa hiyo jaribio la kurejesha data lilichukua uzito mkubwa kuliko vyote, likifuatiwa na muda unaopita kabla ya kufunga akaunti za watumishi walioondoka.

Jambo moja lilinisumbua sana: alama ya jumla, inayounganisha vipimo vyote kulingana na uzito wake, inaweza kupendeza ilhali kipimo kizito kimeanguka. Nimeweka kiwango cha chini kwa kila kimoja, na kimoja kikishuka chini ya hapo, alama ya jumla haipelekwi kwenye bodi.