Vyeti vya DNA vinasema dume na jike, kumbe kauziwa mtu majike wawili

Wakuu, nna hasira, mniwie radhi uzi ukiwa mrefu.

Niko Maskati, nafuga kasuku wa kijivu, wale wa mkia mwekundu ambao huku wanawaita kasko. Miaka mitatu nyuma nikanunua wawili kwa muuzaji mmoja, kaniuzia kama jozi, na mnajua bei ya jozi sio bei ya ndege wawili mbalimbali, akanipa na vyeti vya DNA mkononi, mmoja dume mmoja jike. Kasuku hawa kwa macho huwezi kuwatofautisha, sio kama wale kasuku wa aina ya eklektasi ambao dume kijani jike jekundu, kwahiyo cheti ndio kila kitu.

Basi nikasubiri. Wakapendana, wanalishana mdomoni, wanapandana kabisa, nikasema alhamdulillahi. Mwaka huu wakaanza kutaga. Moja, mbili, mpaka saba ndani ya sanduku moja! Kasuku wa kijivu mmoja hutaga matatu au manne. Nikayamulika kwa tochi baada ya siku kumi, matupu yote, hamna hata mshipa. Halafu la nane likamkwama mmoja wao, kajikunja chini ya kizimba manyoya yamesimama anahema, usiku huo huo kwa daktari, sindano ya kalsiamu na joto, alfajiri ndio likatoka. Nilidhani nshampoteza.

Pale pale nikamwambia daktari awapime wote. Kakata ncha ya ukucha, tone moja moja la damu mbele ya macho yangu, akaandika na namba ya pete ya mguuni. Majibu: ZW na ZW, na kwa ndege ZW ni jike, dume ni ZZ. Wote majike!

Ndio nikarudi kuvisoma vile vyeti vya mwanzo. Namba ya pete HAMNA. Kimeandikwa ndege wa 1, ndege wa 2, basi. Jamani maabara inapima unyoya uliomo kwenye bahasha, ndege mwenyewe haimjui, na alotia unyoya kwenye bahasha ni muuzaji!

Nampigia ananambia maabara ndio waliokosea. Sawa, makosa yapo, kipimo kinatafuta jeni ya CHD kwenye kromosomu Z na W, jike anatoa mistari miwili dume mmoja, sasa unyoya ukiwa wa kuokota chini DNA yake haba, mstari wa W usipotokea jike anaandikwa dume. Lakini nani kaokota unyoya chini badala ya kung'oa mbichi kifuani? Si yeye? Na hao maabara nao wanakubali vipi kutoa cheti bila namba ya pete, karatasi ambayo mtu anaweza kumbandikia ndege yeyote alonaye dukani?

Msinunue jozi kwa cheti kisichokuwa na namba ya pete, na namba yenyewe isomeni mguuni mwa ndege kabla hamjatoa pesa. Bora zaidi mpime wenyewe, gharama yake ndogo mno ukilinganisha na bei ya kasuku.

Jana huyo muuzaji kanitumia ujumbe eti nimpelekee mmoja anibadilishie dume. Ndege wamekaa miaka mitatu pamoja, mmoja akitolewa chumbani mwenzake analia mpaka arudi. Simpelekei mtu. Nataka tofauti ya bei ya jozi na pesa za daktari, na nshamwandikia hivyo.