Nina Canon 250D na laki 6 ya vifaa vya pembeni, nianze na kipi?

Mpwani_Lenzi aliuliza:

Wakuu habari za mchana, naombeni ushauri kwa wenye uzoefu. Nina Canon 250D na lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo, betri moja na memori kadi moja ya GB 32. Nipo Tanga, nimeanza kupata tenda ndogondogo, kipaimara, besdei, na mwezi ujao kuna sendofu ya binti wa jirani, ukumbini usiku. Nimekusanya laki 6 na sitaki kuitawanya hovyo. Kila ninayemuuliza anataja chake, huyu gimbo (kile kishikio cha kutuliza kamera unapopiga video), yule ringi laiti (taa ya duara), mwingine ananiambia niongezee hela nichukue lenzi kubwa. Mimi nataka vile vifaa vya pembeni ambavyo kweli vitanibeba kazini, kipi kianze kipi kisubiri? Alafu kuna flashi za bei chee naziona zinauzwa, zinakubali kwenye 250D?

---

Ukumbini_Kila_Jmosi alijibu:

Gimbo iache kwanza mkuu, umeitwa kupiga picha. Anza na kadi na betri, najua havina mvuto lakini ndio vinavyofanya ulale usingizi baada ya shughuli.

Kamera yako ina tundu moja tu la kadi, maana yake haikuwekei nakala ya pili wakati unapiga, kadi ikifa na picha zimekufa nayo. Kwa hiyo usinunue moja kubwa ya GB 256, nunua mbili au tatu za GB 64. Bibi harusi mtarajiwa akishaingia na kukaa, toa ya kwanza weka ya pili, na ile iliyojaa iende mfuko wa suruali wenye zipu, isiwe kwenye begi la kamera maana begi ndio kitu cha kwanza kuibiwa ukumbini. Tafuta zilizoandikwa V30, hiyo ni MB 30 kwa sekunde uhakika, na video ya 4K ya 250D inaandika kama MB 15 tu kwa sekunde kwa hiyo inatosha kabisa. Zile za gharama zenye safu mbili za pini nyuma achana nazo, kamera yako haitumii safu ya pili.

Na kadi feki ni nyingi sokoni. Kabla hujaingia nayo kazini ijaze yote kwa programu ya H2testw kwenye kompyuta, ni ya bure, inaandika mpaka mwisho alafu inasoma tena kila kitu. Kadi ya GB 64 ambayo kiukweli ni GB 8 itaumbuka hapo hapo, duka bado linakukumbuka sura.

Betri ni LP-E17. Ongeza moja, na ukichukua isiyo ya Canon nenda na kamera yako NA chaja yako dukani, ile betri ina chipu ndani na kuna za kampuni nyingine ambazo zinafanya kazi kwenye kamera ila chaja ya Canon inazikataa.

---

Mwanga_wa_Pembeni alijibu:

Nachukua la flashi maana hapo watu wanapoteza hela kila siku. Mpwani angalia juu ya kamera yako pale flashi inapochomekwa. Kamera nyingi zina pini kubwa katikati, 250D HAINA, Canon waliiondoa, na 2000D pia hawakuiweka. Sasa flashi nyingi za bei chee za kuset kwa mkono, mfano Yongnuo YN560, zinategemea pini ile ile ya katikati kupata amri ya kuwaka. Ukiichomeka kwako itakaa vizuri, taa itaonekana imewaka nyuma, unabonyeza na haimuliki. Fundi atakwambia flashi mbovu kumbe nzima kabisa. Wewe tafuta yenye TTL (inayojipimia mwanga yenyewe kwa kuwasiliana na kamera) iliyotengenezwa kwa Canon na muuzaji akuhakikishie inakubali 250D, na usitoe hela mpaka umebonyeza shata kwenye kamera YAKO mara kadhaa umeona inapiga.

Kichwa chake lazima kigeuke juu na pembeni. Ukimpiga mtu flashi ya uso kwa uso ngozi inang'aa jasho na nyuma yake kunakuwa giza kama kapigwa picha kituo cha polisi. Geuzia dari, ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) 800 au 1600, shata 1/100 ya sekunde ili taa za ukumbi nazo ziingie, na usivuke 1/200 bila mpangilio maalum wa flashi wa shata za kasi (HSS), utakuta nusu ya picha ni nyeusi.

Betri za flashi chukua zile AA za kuchaji, NiMH, seti mbili. Zile za kutupa zikianza kuchoka flashi inachelewa kujaa, unabonyeza wakati wa keki na haijajaa bado.

---

Mpwani_Lenzi:

Asante sana wakuu, hilo la pini sikulijua kabisa, nimeangalia kamera sasa ivi na kweli katikati hamna kitu. Swali, kumbi za huku wanafunika dari yote kwa vitambaa vya mapambo, zambarau, pinki, mwanga si utarudi na rangi ile?

---

Mwanga_wa_Pembeni:

Utarudi nayo, na uso wa mtu ukiwa wa zambarau kuurekebisha ni kazi ya usiku mzima. Hapo geuzia ukuta mweupe wa pembeni kama upo. Kama haupo, au mko chini ya turubai nje, simamisha kichwa cha flashi na nyuma yake funga kadi nyeupe ngumu kwa mpira wa pesa, ukubwa wa kiganja, iinamishe mbele kidogo. Mwanga mwingi unakuja kwa mtu ukiwa mweupe, na hainunuliwi, kipande cha boksi la shati kinatosha.

---

DadaWaKisauni alijibu:

Mimi niko Mombasa na naona wote mmesahau jambo ambalo kwa sisi wa pwani ndilo linaua vifaa, unyevu. Lenzi ikikaa kwenye begi la kitambaa kabatini miezi kadhaa inaota fangasi ndani, utaona vinyuzi kama utando wa buibui ukiimulika na tochi, na ile fangasi inatoa asidi inayokula tabaka la juu la kioo, hata ikisafishwa alama hubaki.

Dawa yake rahisi mno. Nunua ndoo ya plastiki ya kufunga kabisa, ile yenye mpira kwenye kifuniko, tia silika jeli (zile chembe za kunyonya unyevu) na kipimo kidogo cha unyevu. Shikilia asilimia 40 mpaka 50, ikipita 60 fangasi inafurahi. Silika za rangi ya chungwa zikigeuka kijani zimeshiba maji, zikaushe kwenye oveni moto mdogo zirudi rangi yake, zatumika tena na tena. Na ukitoka kwenye gari lenye AC kuingia joto la nje usifungue begi papo hapo, kioo kitafanya ukungu na maji yaingia ndani, acha begi limefungwa mpaka kamera ipate joto.

Vumbi tumia kile kipira cha kupulizia kwa mkono. Usipulize kwa mdomo tafadhali, mate yana chumvi yake.

---

Ukumbini_Kila_Jmosi:

Dada kasema kweli tupu, naongezea ndoo kwenye orodha. Kitakachobaki kwenye laki 6 baada ya flashi, chukua rifleta ya kukunja, lile bango la kurudisha mwanga, yenye upande mweupe na wa silva, mchana kabla ya shughuli wakati binti anapambwa muweke karibu na dirisha na mtu ashike upande mweupe kumuelekea, ngozi yetu nyeusi inatoka na uhai bila flashi. Tripodi inaweza kusubiri, ukumbini watu watajikwaa nayo. Filta ya UV, kile kioo cha kufunga mbele ya lenzi, nayo isubiri, kava la mbele la lenzi linakinga kioo vizuri ukiwa hupigi, ila ukienda kupiga maharusi ufukweni nunua ya milimita 58 maana chumvi ya bahari ikikauka kwenye kioo kuifuta ni kukikwaruza.

Hiyo flashi ukiipata njoo uandike ni aina gani na umeipata wapi, 250D ziko nyingi mtaani na wenzio wanasumbuka.